Idi imepita, pipi hazijapita: niwapikie nini wanangu?

SWALI: Assalamu alaikum. Mimi ni mama wa watoto watatu, niko Unguja. Mkubwa ana miaka 9, wa kati 6, mdogo miwili na nusu. Siku zote nne za Idi wamezunguka nyumba hadi nyumba wakipewa mkono wa Idi, jioni wanakwenda viwanja vya sikukuu, na kila shilingi imeishia kwenye pipi, jojo, soda na ubuyu mwekundu. Sasa ni wiki ya pili. Uji hawautaki, chakula cha mchana wanakichokonoa tu, na kila saa ni "mama, nipe pipi", maana kopo walilokusanya bado limejaa. Bibi yao anasema watapata minyoo. Baba yao anasema sukari ndiyo inayowatia wazimu jioni. Nataka kuwatengenezea vitu vitamu vya nyumbani visivyo na madhara, na wavikubali. Nitumie asali badala ya sukari? Oveni sina, nina jiko dogo la gesi na la mkaa, na friji ipo.

JIBU: Wa alaikum salaam, dada yangu, na Mungu akukuzie hao watatu.

Kwanza tulia. Siku nne za sikukuu hazijawaharibu watoto wako. Mtoto anayekula vizuri mwaka mzima, akala pipi Idi Mosi hadi Idi Nne, hana lililompata la kukunyima usingizi. Kinachonishughulisha mimi ni hiki ulichokiandika mwishoni mwa maelezo yako: kila saa. Sikukuu imekwisha, lakini mtindo wa kuonjaonja umebaki, nao ndio unaotoboa meno na ndio unaoua hamu ya uji.

Nikueleze kinachotokea mdomoni. Kwenye utando wa meno wanaishi bakteria ambao hula sukari na kutoa asidi. Dakika chache tu baada ya pipi kuingia mdomoni, asidi hiyo inaanza kuyeyusha madini ya juu ya jino. Mate huja kuizimua na kuyarudisha madini, ila kazi hiyo huchukua kama nusu saa, mara nyingine zaidi. Sasa mtoto aliyekula pipi 5 kwa mpigo baada ya chakula cha mchana, jino lake limeshambuliwa mara moja, kisha likapata mapumziko. Aliyekula pipi hizo hizo 5, moja kila saa, jino lake limekaa ndani ya asidi mchana kutwa. Kiasi ni kile kile, madhara si sawa. Pipi ya kumumunya na tofi inayoganda kwenye magego ni mbaya zaidi, kwa sababu hazitoki upesi. Na ya usiku ndiyo mbaya kuliko zote, maana mtu akilala mate hupungua.

Kwa hiyo kabla hatujaingia jikoni, kitu kitamu kipewe saa yake. Kwa ratiba ya nyumba zetu ni rahisi: kidogo baada ya chakula cha mchana, mate yakiwa tayari yanatiririka, na kitafunio kimoja alasiri wakirudi chuoni, kwenye masomo ya Kurani. Katikati ni maji. Ndani ya siku kadhaa utaona uji umeanza kunyweka, kwa sababu mtoto atafika mezani na njaa yake.

Kopo la pipi usilitupe kwa siri. Watagundua, na kuanzia hapo watazificha chini ya mto. Kaa nao kitako mlifungue pamoja. Ondoa zote ngumu na jojo kwenye fungu la mdogo, maana mtoto wa miaka miwili na nusu anaweza kupaliwa na pipi moja ngumu akaziba pumzi. Hao wakubwa wawili wachague wenyewe zao mbili kila siku baada ya kula, na kopo likae juu ya kabati. Zikiisha, zimeisha. Na nakuomba sana: pipi isiwe zawadi ya kumaliza mchicha. Ukimwambia "kula mchicha nikupe pipi", umemfundisha kwamba mchicha ni adhabu na pipi ndiyo malipo.

Sasa la bibi yao. Minyoo haizaliwi na sukari. Mayai ya minyoo ya tumbo hutoka kwenye kinyesi, yakaingia kwenye udongo, kisha yakafika mdomoni kwa mikono isiyonawiwa au matunda yasiyooshwa. Na minyoo ya safura hupenya ngozi ya miguu ya mtoto anayetembea pekupeku. Lakini bibi hakosei kuona kwamba watoto hurudi na matumbo mabovu baada ya sikukuu, maana mtoto amecheza mchangani uwanjani, hapo hapo akachota ubuyu kwa vidole na kuvilamba. Mwambie kwa heshima yake kwamba dawa ni sabuni na viatu, na dawa za minyoo zikigawiwa shuleni watoto wazimeze.

Na la baba yao. Watu wengi wanaliamini, nami sishangai, lakini limechunguzwa. Mwaka 1995 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha uchambuzi uliokusanya majaribio ambamo watoto walipewa sukari au kitamu kisicho sukari, na si wao wala wazazi wao walioambiwa nani kapewa nini. Tabia za watoto hazikutofautiana. Ukinitaka niseme kinachowatia wazimu jioni wanao, ningeangalia usingizi kwanza: mwezi mzima wa kukesha na kuamka daku, kisha siku nne za kurudi uwanjani usiku, na shule imefunguliwa. Halafu ningeangalia chakula cha mchana walichokichokonoa. Mtoto mwenye usingizi na njaa hana subira hata bila pipi.

Uliuliza kuhusu asali. Asali ni chakula kizuri, nasi Waislamu tunaithamini, lakini kwa meno na kwa hesabu ya sukari haina tofauti kubwa na sukari nyeupe. Sukari guru na sukari ya kahawia ni hivyo hivyo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linaziweka zote kapu moja, pamoja na sukari iliyomo kwenye juisi, hata juisi uliyokamua mwenyewe. Mwongozo huo unataka sukari ya aina hiyo isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku nzima, na ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5. Kwa mtoto kama huyo wako wa miaka 6, hiyo asilimia 5 ni kama vijiko 4 vya chai, na asilimia 10 ni vijiko 8 hivi. (Na kwa mwenye mtoto mchanga anayesoma hapa: asali haipewi mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hata kidogo, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vinavyoleta sumu ya kupooza misuli.)

Ukivihesabu vijiko, utaona pipi si mshitakiwa peke yake. Soda ya mililita 300 ina vijiko kama 8. Na chai? Nyumba nyingi mtoto hunywa kikombe cha asubuhi chenye vijiko 3 na cha jioni chenye vijiko 3, kila siku ya Mungu, Idi au si Idi. Hapo kuna vijiko 6 ambavyo hakuna anayeviita vitu vitamu. Mimi ningeanzia hapo. Punguza nusu kijiko kila wiki, bila kutangaza, na ongeza iliki na mdalasini. Ulimi huzoea. Baada ya mwezi na nusu hivi wakipewa ile chai ya zamani kwa jirani, wao wenyewe watasema imezidi sukari.

Haya, tuingie jikoni. Maana ya vitu vya nyumbani si kwamba havina sukari kabisa. Ni kwamba unaijua sukari yake, na kwamba ndani yake kuna nazi, karanga, ufuta, maziwa au tunda, vitu vinavyoshibisha. Pipi inamumunywa, inaisha, na tumbo linabaki tupu likidai nyingine.

Nina hakika una tende zilizobaki za Ramadhani. Basi tuanze nazo.

Chukua tende 20. Zipasue moja moja kwa mkono, toa kokwa, na tazama ndani kwenye mwanga, maana tende iliyokaa huweza kuwa na wadudu. Zikiwa kavu ziloweke kwa maji ya moto dakika 10, kisha uzichuje vizuri. Zikibaki na maji vidonge havitashikana. Kaanga karanga kikombe kimoja kwa moto mdogo, zisugue maganda yatoke, zipepete. Karanga iliyonyauka, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupe, usiionee huruma: sumukuvu haitoki kwa kukaanga. Kaanga pia ufuta nusu kikombe kwenye kikaango kikavu, ukikoroga, mpaka uanze kurukaruka na kunukia, kisha uepue hapo hapo kwa sababu ukichelewa kidogo tu unakuwa mchungu.

Twanga karanga kwenye kinu na chumvi kidogo mno. Hapa usikimbilie. Mwanzo utaona unga, kisha utaona unga umeanza kugandana kwenye mchi, kisha mafuta yanachomoza na kinu kinang'aa. Hapo ndipo pa kutia tende na iliki, utwange pamoja mpaka viwe donge moja. Ni mafuta ya karanga yanayoshikanisha, ndiyo maana huhitaji shira. Finyanga vidonge vya ukubwa wa kunazi, uvigaragaze kwenye ufuta au kwenye nazi kavu uliyoikaanga mpaka ikawa rangi ya dhahabu. Utapata kama 30. Kila kimoja kina sukari chini ya kijiko kimoja cha chai, nayo ni ya ndani ya tunda zima. Vinakaa kwenye friji wiki nzima. Viwili baada ya alasiri vinamtosha mtoto.

Nisikufiche kwamba tende pia ni tamu sana: karibu theluthi mbili ya uzito wa tende kavu ni sukari, na inanata. Kwa hiyo saa yake ni ile ile, na maji yanafuata. Kwa mdogo, hakikisha karanga zimesagika kabisa hazina vipande, kisha kibonyeze kidonge kiwe bapa umkatie. Karanga nzima, bisi na kokwa za ubuyu asipewe mpaka afike miaka minne au mitano. Na kama hajawahi kula karanga, mpe kidogo kwanza umtazame. Mtoto akivimba midomo au akitoka vipele, ni hospitali moja kwa moja.

Cha pili ni barafu, na hiki ndicho kitakachowasahaulisha duka. Chukua ndizi kisukari 4 zilizoiva mpaka ganda limeanza madoa meusi. Usitumie ndizi nzuri ya kununulia mgeni, hiyo haijawa tamu ya kutosha. Ziponde na tui zito nusu kikombe. Pembeni, koroga vijiko 3 vya kulia vya unga wa ubuyu na maji ya uvuguvugu nusu kikombe, chuja, changanya pamoja na vanila au iliki. Mimina kwenye vikombe vidogo, chomeka kijiti au kijiko, gandisha usiku kucha. Ubuyu una vitamini C nyingi, na vitamini hiyo hupungua ikichemshwa, ndiyo sababu ya maji kuwa ya uvuguvugu tu. Unapoonja kabla ya kugandisha, mchanganyiko uwe mtamu kuliko unavyotaka kuula, maana baridi hupunguza utamu kwenye ulimi. Lakini utamu huo uongeze kwa ndizi nyingine moja, si kwa sukari. Msimu wa maembe weka embe. Ukwaju nao mzuri, ila ni mkali, utahitaji ndizi nyingi zaidi. Umeme ukikatika barafu zikayeyuka zikawa za vuguvugu, usizigandishe tena, kwa sababu ya lile tui.

Ule ubuyu mwekundu wanaoupenda unaweza kuutengeneza mwenyewe kwa hao wakubwa wawili. Chemsha choya kidogo kwenye maji upate wekundu wake, chuja, tia sukari robo tu ya ile unayoizoea, iliki, pilipili manga na chumvi chembe, acha iwe nzito kidogo, epua, kisha uutie ubuyu na kuukorogea nje ya moto. Utakuwa mchachu kuliko wa dukani. Watoto wa pwani wanapenda uchachu. Tunawapa embe bichi kwa chumvi na pilipili tangu wadogo. Wakimaliza wasukutue kwa maji, na wasipige mswaki papo hapo, wasubiri kama nusu saa, maana uchachu hulainisha jino kwa muda.

Sasa mkate wa kumimina, ambao hauhitaji oveni hata siku moja. Mchele vikombe 2 uliolala kwenye maji, usage na tui zito kikombe kimoja, iliki, na hamira kijiko kimoja cha chai. Wengi wetu hutia sukari kikombe kizima. Ukiugawa mkate huo vipande 12, kila kipande kina vijiko 4 vya sukari: hiyo ndiyo siku nzima ya mtoto wa miaka 6 imekwisha kwa kipande kimoja. Safari hii tia nusu kikombe. Ijayo, theluthi. Usiogope kwamba hautaumuka. Hamira inahitaji sukari kidogo tu, na ikizidi ndiyo kwanza inaichelewesha. Uache uumuke kama saa moja, koroga polepole, mimina kwenye sufuria iliyopakwa mafuta na kupata moto. Mkaa kidogo chini mpaka utakapoona vitundu vimefunguka juu, kisha funika na upalie mkaa juu ya mfuniko. Kama bado unafunga sita, zile siku sita za baada ya Idi, na huwezi kuonja, ndiyo maana nasema pima kwa kikombe, usikadirie kwa mkono. Mkono wetu wa sukari una mazoea yake.

Kwa siku ambazo hata nguvu ya kusaga huna: viazi lishe vile vya rangi ya chungwa, uvipike kwa tui na iliki bila sukari yoyote, vina utamu wake na vina vitamini A. Ndizi mbivu za nazi, vivyo hivyo, ile ya futari lakini bila sukari. Mtindi na embe lililokatwakatwa. Chungwa, fenesi, pera, shokishoki msimu wake, liliwe tunda lenyewe na si juisi, maana ukilikamua unabaki na sukari na unatupa nyuzinyuzi.

Kuna vitu nisivyokushauri uvibadilishe. Halua bila sukari si halua, ni uji wa wanga wenye samli. Kashata nayo, shira ndiyo inayoigandisha. Ukiipunguza mno inabaki chengachenga kwenye sinia, watoto wanaikataa, na wewe umepoteza nazi yako. Kaimati na visheti ni hayo hayo. Hivi viacheni vibaki vya sikukuu na vya mgeni, mpike kama mlivyofundishwa, kila mtoto apate kipande kidogo baada ya chakula, na Idi ya Mfunguo Tatu, ile ya kuchinja, itakapokuja watavifurahia zaidi.

Washirikishe. Wa miaka 9 anaweza kutwanga na kupima kwa kikombe. Wa 6 anafinyanga vidonge. Mdogo anagaragaza kwenye ufuta, na nusu itamwagika. Mtoto hakatai kirahisi kitu alichokitengeneza kwa mikono yake, hasa akimpelekea bibi yake sahani ya kwanza. Na ukimpa bibi kazi ya kuwa mtoaji wa vile viwili vya alasiri, utakuwa umemwachia raha ya kuwapa wajukuu kitu kitamu, bila ile noti ya dukani.

La mwisho ni meno, maana pipi zimeshaliwa. Mswaki mara mbili kwa siku, na ule wa usiku usikosekane, baada yake ni maji tu. Dawa iwe na floraidi: kwa mdogo ukubwa wa punje ya mchele, kwa wa miaka 6 ukubwa wa punje ya njegere, wateme bila kusukutua sana. Wewe ndiye umpigie mswaki mdogo, na huyo wa 6 umalizie, mkono wake bado haujafika nyuma. Tena huyo wa 6 mfunulie mdomo leo kwenye mwanga. Katika umri huu gego la kwanza la kudumu huota nyuma kabisa ya magego ya utoto, bila jino lolote kung'oka, na wazazi wengi hudhani nalo ni la utoto litang'oka tu. Haling'oki kupisha jingine; hilo ndilo atakalokaa nalo maisha. Ukiona juu yake mstari mweusi au doa jeupe kama chaki, au akisema linamuuma akinywa maji baridi, mpeleke kwa daktari wa meno wiki hii, kabla tundu halijafika kwenye mshipa.